Anza na shuka ya msichana, joho la mfalme litangoja

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari kule Malindi, nalifupisha manake aliniandikia kurasa tatu: "Shikamoo Mama. Naandika riwaya ya msichana wa hapa Malindi mwaka 1498, wakati Vasco da Gama, yule baharia Mreno, alipotia nanga. Tena napenda kushona, nataka kitabu kikitoka niwe na mavazi tayari wanafunzi wangu waigize. Miaka mitatu natafiti, madaftari manne yamejaa, lakini nilichoandika ni sura moja na nusu. Joho la mfalme nimelianza mara mbili na mara mbili limeharibika makwapani. Nyumbani wanambia mshika mbili moja humponyoka, nichague kalamu au sindano. Nianze na kipi? Na wakati na pesa wewe wazipata vipi?"

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara tatu, ya kwanza nilikuwa na kofia ya mtu mkononi naitarizi ikabidi niiweke chini, manake hilo swali lako ndilo nililokuwa nalo mie miaka ishirini iliyopita hapa Lamu na sikuwa na wa kumuuliza.

Nikujibu kwanza kisha ndo nieleze. Anza na nguo. Lakini sio ya mfalme. Lile joho likunje ulitie mfukoni uliweke juu ya kabati, anza na nguo ya yule msichana, ile ya siku zote, ile aliyoshinda nayo kisimani na jikoni, ikate, ivae, itembelee, halafu ukae uandike. Na hao wa nyumbani usigombane nao, wanakuonea huruma tu vile wanakuona hulali. Waambie hujashika mbili. Mtu akishona nguo ya 1498 anauliza nani aliifuma, ilinunuliwa kwa nini, nani aliruhusiwa kuivaa na nani alikatazwa, na ukishaivaa mkono gani unabaki huru. Akiandika riwaya ya 1498 anauliza hayo hayo. Kazi ni moja, vyombo ndo viwili.

Hebu nikupe langu lililonifunza. Riwaya yangu ya kwanza niliiweka hapa hapa Amu, yaani Lamu yetu, miaka ya 1850 na kitu, na ndani yake kulikuwa na sura moja nikiipenda kama roho yangu: bibi wa nyumba kubwa anatoka usiku peke yake, kajitanda buibui lake jeusi, anapita vichochoroni kwenda kumuona ndugu yake mgonjwa ambaye mumewe kamkataza asionane naye, anajibanza ukutani watu wasimjue. Niliiandika nikaona nimefika. Nikawasomea jamaa pale nyumbani, wengine machozi yakawatoka. Sasa kulikuwa na bibi mmoja mzee jirani yetu, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa pembeni anasikiliza huku anasuka ukili, nilipomaliza hakusifu wala hakulia, akaniuliza tu, "Buibui alilitoa wapi?" Nikamwambia Bi, si ndo vazi letu. Akasema, "Lenu nyinyi. Wakubwa zetu walitoka na shiraa."

Shiraa nilikuwa nimeisikia, sikuwahi kuifikiria. Ni kitambaa kikubwa kama hema, kinashikiliwa na fito, mwanamke wa kiungwana anatembea ndani yake na vijakazi wanakishika. Buibui kwetu ni jambo la mwanzo wa karne ya 20 hivi, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria huku pwani mwaka 1907, wale wa kushika shiraa wakawa hawapo tena. Kwa hiyo mwanamke wangu wa 1850 na kitu nilikuwa nimemvisha nguo ya wajukuu zake.

Ningeweza kufuta neno buibui nikaandika shiraa nikaendelea na maisha. Sikuweza, manake mie ni mshoni, neno likiingia kichwani lazima mikono ilijue. Nikanunua kaniki, nikaunganisha mapande kwa mkono, nikatafuta fito mbili, nikawaita wapwa zangu watatu tukatoka nayo alasiri moja kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba. Wewe umefika Lamu unavijua vichochoro vyetu, punda akipita na mzigo inabidi ujibandike mlangoni mwa watu. Basi shiraa inajaza njia yote. Hakuna kujibanza. Hakuna kutoka peke yako. Kila aliye barazani ajua kuna mke wa mtu mkubwa anapita, asichojua ni nani tu. Na ndani kuna joto, na harufu ya nili ya kaniki mpya inakupanda kichwani, na huoni mbele, waona miguu yako na miguu ya aliye mbele yako. Tulipofika kona ya pili mpwa wangu mdogo aliyeshika fito ya mbele akasema, "Shangazi, mkono wanifa ganzi, mpaka wapi?"

Hapo hapo nilisimama. Manake yeye ndiye aliyekuwa akijua tunaenda wapi. Mie niliye ndani siongozi chochote, naongozwa. Aliyeshika fito ndiye anayeona njia, ndiye anayesikia barazani wanasema nini, ndiye anayejua bibi kaenda nyumba gani na kakaa muda gani, na mkono wake ndio unaokufa ganzi. Nilikuwa nimeandika kurasa mia na hamsini na huyo mtu hamna, hana hata jina. Nilirudi nyumbani nikaianza riwaya upya, inasimuliwa na kijakazi mshika fito, na siri yote ya kitabu iko mikononi mwake. Kosa la nguo lilikuwa kosa la hadithi, mwanangu, na mie nisingeliona kwa kusoma peke yake.

Na ukishafika hapo mengine yanajifungua. Kule kujifunika kwenyewe kulikuwa cheo. Kijakazi hakuruhusiwa kujitanda kama bibi yake, mtumwa mwanamume hakuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake, nguo zao zilikuwa marikani ile ghafi na kaniki. Kwa hiyo ukimvisha mtu kofia kwenye sura ya tano umeshasema kitu kikubwa hata kama hukukusudia.

Sasa tuje kwako. Najua kwanini ulianza na mfalme, kila mtu huanza naye, manake yeye ndiye aliyeandikwa. Kuna lile daftari la safari lililowekwa na mmoja wa watu waliokuja na meli za da Gama, na Aprili 1498 walipofika Malindi aliyeandika alikodoa macho kwelikweli. Anasema mfalme alivaa joho la damaski, kile kitambaa chenye maua ya kufumiwa, lililopigwa ukingo wa atlasi ya kijani, ile hariri inayong'aa, na kilemba cha thamani, amekaa kwenye viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu uliofungwa kwenye mti, na mzee mmoja pembeni kamshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na wapiga tarumbeta wengi, na baragumu mbili za pembe ya ndovu zilizochongwa, kila moja urefu wa mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Hizo ni siwa! Kama hujaziona za kwetu, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zione, manake utakapozitia kwenye kitabu usiandike "baragumu" kama mgeni, msichana wako angesema siwa.

Tena utazame zawadi, zimeandikwa vilevile. Mfalme alipeleka melini kondoo sita na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Da Gama akampa vazi moja refu, marijani vishada viwili, mabeseni matatu ya kunawia, kofia moja, vikengele, na vipande viwili vya kitambaa cha pamba cha mistari. Weka hayo pamoja na damaski na atlasi na siwa mbili. Bandarini wakati huo kulikuwa na meli nne za Wahindi, wenye ndevu ndefu na nywele za kusuka na nguo chache mwilini, yaani Malindi ilikuwa mji unaoletewa vitambaa kutoka mbali miaka na miaka, leo anakuja mtu na kofia moja na vikengele. Na bado mfalme akampokea vizuri akampa rubani wa kumfikisha Calicut kule India, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili wakafika tarehe 20 Mei. Kwanini? Kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu na mfalme alitaka rafiki mwenye mizinga. Hiyo sura inajiandika yenyewe, huhitaji mtu yeyote aseme maneno ya siasa, weka tu nguo mbili zikae karibu.

Lakini msichana wako hamo kwenye daftari lile. Ndo maana umekwama miaka mitatu, unamtafuta mahali ambapo hakuna aliyemtazama. Mtafute kwenye vitu.

Nenda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, si mbali, kilomita kama 16 tu kutoka ulipo, na tangu 2024 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Nyumba za pale waliozichimba walizipa majina kwa kile kilichookotwa ndani: nyumba ya kauri, nyumba ya ushanga, nyumba ya sanduku la pembe. Na kuna moja inaitwa nyumba ya mkasi. Mkasi, mwanangu! Mie siku ya kwanza kuambiwa nilikaa kwenye kizingiti chake nusu saa, nikawaza kuna mtu aliukosa huu mkasi, aliutafuta, aliwauliza watoto nani kauchukua, kama vile mie huuliza. Na kwenye magofu mengi ya pwani hii wameokota vile vigae vya vyungu vilivyochongwa duara vikatobolewa katikati, vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea nyuzi. Maana yake pamba ilisokotwa majumbani humu humu, na chungu kikivunjika hakitupwi, kinakuwa chombo cha kazi. Mpe msichana wako kigae kimoja cha chungu cha mama yake. Usieleze sana, mpe tu akizungushe.

Nguo yake je? Duarte Barbosa, Mreno mwingine aliyeandika miaka michache baadaye, asema watu wa Malindi walijifunga vitambaa vya pamba na hariri kuanzia kiunoni, na vingine wakavitupia mabegani, na vilemba vizuri kichwani. Wanawake wa Kilwa awasifu kwa dhahabu na fedha mikononi na miguuni na vipuli masikioni. Na zamani kabla yake, 1331, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu alipewa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, na nguo ya juu ya kitani cha Misri, na joho lenye bitana, na kilemba, na Mombasa akaona watu wote wanatembea miguu peku, wanaosha miguu kwenye visima vya misikitini. Ukiyaweka pamoja unaona jambo moja: kufunga. Nguo ya kila siku ilifungwa, haikushonwa.

Hilo ndo nataka ulijue kwa mwili. Nguo ya kushonwa unaivaa asubuhi unaisahau. Ya kufunga huwezi kuisahau, kila ukiinama inakukumbusha, ukibeba mtungi mkono mmoja uko juu na mwingine unashika pindo, ukikimbia fundo linalegea, ukiogopa unalikaza bila kujua. Mikono ya msichana wako ina kazi mchana kutwa kabla hata hujampa kazi. Na ukimya wa mtu kukaza fundo ni mzuri zaidi ya sentensi kumi za "moyo ulimdunda".

Sasa lile joho. Nimeziona picha ulizotuma na nimeshajua tatizo, umelikata kwa patani uliyoitoa mtandaoni, ya suti ya kizungu, mkono umekatwa duara umepachikwa kwenye tundu la duara. Damaski haiwezi hiyo, inafumuka nyuzi pale pale kwenye mkunjo, ndo maana makwapa yamechanika. Kata kama kanzu ya kizamani inavyokatwa. Tafuta fundi mzee akufunulie kanzu ndani, utaona hamna mkato wa duara isipokuwa shingo: kuna badani ya mbele na ya nyuma, mapande yaliyonyooka tu, kuna taharizi pembeni zinazopanuka kwenda chini ili upate kupiga hatua, na kwapani kuna kikwapa, kipande kidogo cha mraba kilichogeuzwa pembe, ndicho kinachokufanya unyanyue mkono kuomba dua bila nguo yote kupanda. Shingoni kaba kwa ndani ili isinyooke, na sijafu kwenye ncha. Kitambaa kilikuwa mali, na cha kufumwa kwa mkono kilikuwa na upana mdogo, mtu hakukata duara akatupa vipande. Piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda, kwa bafta, ile pamba nyeupe, ya bei nafuu, umvalishe mwanafunzi anyanyue mikono, ndo uiguse damaski.

Kikwapa nilikishona vibaya mara nyingi kuliko kitu chochote maishani. Siri yake ni kusimamisha sindano nukta mbili tatu kabla ya pembe, usiende mpaka mwisho wa kitambaa, ugeuze, uanze upya. Ukienda mpaka mwisho pembe inakunjana na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Na hapo kwenye joho kuna zawadi nakupa, ukiitaka. Ule ukingo wa atlasi ya kijani haukujishona. Kuna mtu alikaa na joho lile mapajani siku kadhaa akiupiga kwa mkono. Akiwa ni msichana wako? Basi siku mfalme anaketi kwenye viti vya shaba na wageni wanakodoa macho, katika umati mzima yeye peke yake ndiye anayelijua joho lile kwa ndani, upande wa mishono, anajua pale alipokosea akafumua, anamuangalia mfalme ananyanyua mkono na roho yake iko kwenye kikwapa. Miaka mitatu umetafuta mlango wa kumuingiza msichana kwenye ile siku kubwa. Mie naona mlango ni sindano.

Kuna mitego ya kuiepuka, nayapita haraka. Leso usimvalishe, hata ukitamani vipi. Kanga zilianza nusu ya pili ya karne ya 19, na neno leso lenyewe ni la Kireno, lilikuja na hao hao walioko melini. Meza vilevile, na foronya, na gereza, msichana wa 1498 hayajui maneno hayo bado, na mie nafikiri ungeweza kufanya jambo zuri hapo, mwisho wa kitabu asikie neno moja geni kwa mara ya kwanza kinywani mwa baharia, moja tu. Jikoni hamna mahindi, hamna muhogo, hamna pilipili kali wala nyanya, vyote vimetoka Marekani ya kusini na ya kati baadaye, mpe mtama na mchele na nazi na samaki. Zambarau ile kali ya dukani usiitumie, rangi za viwandani zilianza 1856, tumia nili na nyekundu iliyofifia. Mshono wa cherehani usionekane kwa nje, Singer wenyewe walianza kuuza cherehani 1851. Na kila ukiona picha nzuri mtandaoni ya "mwanamke wa kiswahili wa zamani", uliza ilipigwa mwaka gani, manake kamera nazo ni za karne ya 19, picha yoyote utakayoiona iko zaidi ya miaka mia tatu mbele ya msichana wako.

Vitambaa usidanganywe na mwenye duka, hata akiwa jamaa yako. Vuta uzi mmoja, ushike na koleo nje kwenye upepo, uwashe. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini. Hariri inanuka nywele. Ukiona inayeyuka inajikunja kitone kigumu kama plastiki, hiyo ni polista, haijalishi imeandikwa nini. Polista naikataa si kwa ajili ya kujionyesha, naikataa kwa sababu inang'aa vingine, inalia vingine ukitembea, na mtoto akiivaa chini ya jua la Malindi saa nane mchana anaigiza mtu anayeungua. Kwa mfalme hariri hutaimudu, nami sitaki ukope, chukua pamba nzito yenye mng'ao, ukingo tu ndo utie atlasi ya kweli, robo mita yatosha. Watu wataangalia ukingo.

Jukwaani ruhusa kudanganya. Zipu ya ndani, vishikizo vya kubana chini ya fundo ili shuka isimdondoke mtoto wa watu mbele ya mzazi wake, yote halali, manake wabadilisha nguo dakika mbili gizani. Kitabuni ndo usidanganye.

Umeuliza pia wakati na pesa, nikwambie ukweli wangu. Naandika baada ya alfajiri mpaka jua linapopanda, kabla mtu hajabisha hodi, na simu iko chumba kingine. Kuanzia saa nne ni sindano, manake sindano yavumilia wageni, mtu aweza kukaa na wewe mukapiga soga na pindo linaenda. Sura ikinigomea naipeleka kwenye sindano, nashona huku wahusika wanazungumza kichwani, na mara nyingi jawabu linakuja nikiwa nimechomwa kidole. Nyumba inalishwa na mavazi: harusi, michezo ya shule, watu wanaojiandaa na Maulidi wanataka kofia na kanzu. Kofia moja ya kutarizi yanichukua miezi na yalipwa ipasavyo. Kitabu hulipa polepole na kidogo, na bado sijawahi kukiona ni hasara, manake wateja wengi wa mavazi walinijua kwa kitabu. Wewe una mshahara wa ualimu, usiuache. Chukua asubuhi mbili kwa wiki, uzilinde, zilizobaki wape watu wako.

Na utafiti uufunge. Madaftari manne yatosha. Mie nilikuwa na ugonjwa huo huo, nikijiambia nikipata kitabu kimoja zaidi ntaanza, na kumbe nilikuwa naogopa sura ya pili. Ukikwama ndani ya maandishi weka alama ya mkasi pembeni ya mstari, endelea mbele, utarudi kutafuta kile tu hadithi ilichokuomba. Utashangaa ni vichache.

Basi fanya hivi. Nunua mita nne za bafta, ifue utoe dawa ya dukani, ikaushe juani mpaka ilainike. Ikate mapande mawili tu, usipige hata pindo, moja kiunoni moja mabegani, bila pini, bila mshipi. Jumamosi asubuhi mapema watu hawajajaa toka miguu peku na ndoo ya maji nusu, tembea kutoka ile nguzo ya da Gama mpaka mahali ulipozoea kupumzika, uiname mara tatu njiani uokote kitu. Ukifika nyumbani usibadilishe nguo. Kaa uandike ukurasa mmoja wa mikono yake peke yake, mfalme asitajwe, meli zisitajwe. Halafu nitumie, na unambie fundo ulilifunga upande gani.